Pikipiki Iliyopata Mama

Petroli ikichanganywa na oili kidogo, kisha ikaungua, hutoa moshi wa bluu wenye harufu tamu ambayo watoto wa siku hizi hawaijui. Pikipiki zao zinakunywa petroli tupu. Harufu ile imebaki kwenye mota za mitumbwi, kwa hiyo ninapoteremka ufukweni asubuhi kununua ndakala, dagaa wa ziwa letu, na mota moja ikakohoa na kuwaka, mimi husimama na beseni langu kichwani nikivuta pumzi mpaka wauzaji wananiuliza kama ninaumwa. Siumwi. Ninamnusa baba yangu.

Mwezi uliopita kijana mmoja alivuka mpaka kutoka Bujumbura akaja hadi dukani kwangu, hapa Kimanga, mtaa wa Uvira. Alisema kazi yake ni kutafuta pikipiki za zamani za mashindano na kuzifufua. Alikuwa anaifuata moja yenye tangi jekundu na namba ishirini na saba mbele. Alikuwa ameuliza huku na huku, hata mtu mmoja akamwambia, nenda kwa binti ya Bingwa. Nitarudi kwa kijana huyo. Lakini ninyi mliokua wakati mmoja na mimi, mliovuka mto Ruzizi mkiwa mgongoni na kurudi mkitembea kwa miguu yenu, kwanza niwaeleze kwa nini neno hilo Bingwa lilinifanya niache kupima mchele.

Baba yangu alikuwa fundi wa mota za mitumbwi, na pia ndiye aliyekuwa akiandika majina ya mitumbwi ubavuni. Ukipita ufukweni zamani zile ungekuta mkono wake kila mahali, na ungeutambua kwa herufi moja tu, R. Mguu wa R yake ulikuwa mrefu, umerushwa mbele kama wa mtu anayepiga mpira. Wengine walimcheka kwa hilo pia. Yeye alijibu kwamba herufi ikisimama tu bila kufanya kitu inamchosha.

Kabla ya mota alikuwa na pikipiki. Katika ujana wake alifanya kazi kwa Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa, ambaye mtoto wake wa kiume, Petro, aliletewa pikipiki ya mashindano kutoka kwao. Haikuwa na taa wala honi, na kiti chake kilitosha mtu mmoja tu. Ilikuwa chombo cha kukimbia na hakuna kingine. Kazi ya baba ilikuwa kuiosha na kuichanganyia petroli. Siku moja ya mashindano kule bondeni mwa Ruzizi, Petro aliamka akitetemeka kwa malaria, akamvalisha baba kofia yake ya chuma na kumsukumia pikipiki. Baba alikimbia barabara ile ya udongo iliyonyooka, watu wa vijiji wakiwa wamejipanga pande zote mbili, akawaacha wenzake ndani ya vumbi lake. Tangu siku hiyo akawa ndiye mkimbiaji, na Petro akawa mtu wa kushangilia. Mgiriki na watu wake walipoondoka nchini, Petro alimwachia pikipiki kwa kushikana mkono tu. Baba akachukua rangi nyeupe akaandika jina la rafiki yake kwenye tangi.

Hayo yote niliyapokea kama habari. Mimi mwenyewe pikipiki sikuwahi kuiona. Vita vilipokuja nilikuwa mtoto wa mgongoni, na baba alijua kwamba mtu anayekimbia na chombo kama kile hafiki mbali nacho. Kwa hiyo aliipeleka kijijini kwa mama yake, bondeni, mahali ambapo njia ya kupanda Lemera inaanza. Wakaipaka grisi, wakaivisha bashi, turubai la gari, wakachimba shimo katika makaburi ya kijiji. Juu yake baba akasimamisha msalaba wa mbao, kwa sababu kaburi ndicho kitu pekee ambacho mwizi hafukui. Msalaba ulihitaji jina. Akaandika lile ambalo mkono wake ulikuwa umelizoea, PETRO, kwa lami nyeusi.

Tuliporudi kutoka ng'ambo, nyanya alikuwa amefariki. Nyumba yetu ya Uvira ilikuwa imeungua pamoja na picha zote, na moto wa kiangazi ulikuwa umepita makaburini ukala misalaba ya mbao. Baba alizunguka pale siku nzima. Hakuweza kuchimba ovyo ovyo. Mnajua mtu anayekutwa na jembe makaburini anaitwa nani kwetu, na anafanywa nini. Akarudi mjini mikono mitupu, na kosa lake likawa moja: aliwaambia rafiki zake ukweli.

Loo, walivyocheka! Dieudonné, jirani yetu, aliyekuwa na pikipiki mpya ya kubeba abiria, ndiye aliyeongoza. Kila akipita mbele ya kibanda cha baba alipunguza mwendo na kuuliza, "Bingwa! Pikipiki yako iko wapi? Ilishaota?" Shuleni watoto wake walinipokea hivyo hivyo. Mimi sikuona cha kuchekesha katika kuota. Nilikuwa nimeona mama akifukia vipande vya mti wa mihogo ardhini na miezi ikipita tukala, kwa hiyo niliamini kwamba baba aliifukia pikipiki ili iongezeke. Mvua ikinyesha sana nilifurahi kwa ajili yake. Nilipomweleza hayo mtoto mkubwa wa Dieudonné, darasa lote lilinicheka. Nikapigana naye, nikarudi nyumbani na mkono wa gauni umechanika.

Jioni hiyo nilimuuliza baba mbele ya mama, "Papa, ni kweli ulikuwaka bingwa?"

Mama alikuwa anasonga bugali. Mwiko wake ulisimama. Baba alinitazama, kisha akalitazama lile gauni.

"Ni kweli, mama," akasema. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Lakini sina kitu ya kukuonesha."

Nilimwamini kwa nusu. Ile nusu nyingine iliniuma kuliko makonde. Nadhani ilimuuma na yeye, kwa sababu baadaye, habari ilipofika ufukweni kwamba kule Lemera kuna pikipiki nyekundu ya zamani inayoendeshwa na mwalimu wa dini, alifunga kibanda, akaniambia nivae viatu vya kanisani. "Tunaenda kuiona. Weye njo utakuwa shahidi."

Tulipanda gari la mizigo mpaka bondeni, halafu tukashika njia ya miguu kati ya mashamba ya mihogo na migomba. Baba alitembea akiniimbia sauti ya injini, jinsi inavyolia ikiwa tayari kuondoka na jinsi inavyobadilika ikishika mwendo. Kufika Lemera nilikuwa ninaijua kwa masikio. Mwalimu wa dini alitoka na pikipiki yake. Ilikuwa nyekundu kweli. Baba hakuisogelea hata.

"Hii iko na taa," akasema.

Lakini kwa vile ilikuwa inatoa moshi vibaya, akamwomba mwenyewe bisibisi, akairekebisha, akakataa malipo isipokuwa ndizi mbili za kunipa mimi. Tukaanza kuteremka.

Mvua ilitukuta chini ya mlima, karibu na kijiji cha nyanya, ikatusukuma kwenye nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee aliyeishi peke yake, mwembamba, kitenge chake kimefungwa kifuani kwa nguvu. Alitupa kigoda na moto wa kukaushia nguo.

"Mukae, mukae. Hii mvula haiko ya kutembeza mutoto. Batu bananiita Mama Petro."

Jina hilo lilinifanya nimtazame baba, lakini baba alikuwa anatazama ukuta. Msalaba wa mbao ulikuwa umetundikwa pale, umesafishwa, umewekewa ua la karatasi. Juu yake palikuwa na herufi tano za lami. Ya nne ilikuwa inapiga mpira.

Mama mzee aliona tunatazama wapi. "Ule njo mutoto yangu," akasema. "Alipotea wakati wa kukimbia. Niliporudia nikamutafuta kwa batu bote, hakuna mwenye alimuona. Siku moja napita ku makaburi, naona musalaba mupya. Watoto ba masomo bakanisomea: Petro. Miye hata sikulia, nilishukuru. Bengine balibaki mu majani. Wangu, muntu muzuri alimuzika, akamuandikia na jina."

Mabati yalikuwa yanapigwa na mvua.

"Mbao nikaileta mu nyumba, ju moto ya kiangazi isiichome," akaendelea. "Pale nikamujengea na simenti. Mucanga ya muto nilibeba ku kichwa, miye peke yangu. Kuandika tu njo kulinishinda. Weye, papa, unafanyaka kazi gani?"

"Natengenezaka mota za mitumbwi," baba akajibu polepole. "Na naandikaka majina yao."

Yule mama alipiga makofi mara moja. "Basi Mungu njo alikuleta. Uniandikie jina ya mutoto yangu, nakuomba."

Sikuweza kujizuia tena. "Papa, ile R—"

"Mama," akanikata, bila ukali, "enda uangalie kama mvula iliisha."

Mvua ilikuwa inavuma hata tulikuwa tunasemezana kwa kelele. Nilienda mlangoni nikasimama nikiiangalia, nimekasirika mpaka masikio yananiwaka moto. Nyuma yangu nilimsikia baba akisema hana rangi leo, lakini atarudi.

Mvua ilipokatika Mama Petro alituonyesha kaburi. Lilikuwa la simenti, safi, limezungushiwa mawe ya mtoni. Baba aliniambia baadaye kwamba siku ile ya kwanza ya kutafuta alipita hapo hapo, akamsalimu mama mmoja aliyekuwa ameketi, akaendelea kutafuta msalaba wake wa mbao. Angejuaje kwamba mtu ameijengea pikipiki yake?

Tulipoishika barabara kubwa nilisema, "Papa, si ni pikipiki yetu iko mule?"

"Ni yetu."

"Sasa tutaichimbua siku gani?"

Aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, mkono mzito wenye harufu ya oili.

"Sasa iko na mama," akasema.

Nilikuwa mtoto, nikaelewa kitoto. Nilidhani baba amemwogopa yule mama mzee. Pikipiki tumeiona iliko, simenti si chuma, nyundo ipo, na baba yangu mshindi anamkimbia mwanamke mmoja asiye na meno! Kwa majuma kadhaa sikumpelekea chakula kibandani kwa moyo mweupe. Dieudonné akipita na swali lake, baba alikuwa anacheka pamoja naye, na kicheko hicho kilinichoma zaidi. Angeweza kumjibu sasa. Alikuwa na jibu, lakini alilikalia.

Kisha asubuhi moja nikamwona akifunga safari. Kando ya mfuko wake palikuwa na kitu kirefu, kimezungushiwa gunia na kufungwa kamba. Jembe! Niliruka kitandani. Nikasema moyoni, kumbe alikuwa anangoja ardhi ikauke. Njia nzima nilimchukulia mfuko wake bila kuombwa, nikapanga maneno nitakayowaambia watoto wa Dieudonné tutakapopita na tangi jekundu katikati ya Kimanga.

Makaburini baba alifungua gunia. Ndani palikuwa na ubao mrefu ulionyooka, ule wa kupigia mistari ubavuni mwa mitumbwi. Kutoka mfukoni akatoa kopo la rangi nyeupe, kopo la bluu, na brashi zake.

Akapiga magoti mbele ya simenti, akanipa kopo nishike. Sikutaka kulishika. Nililishika. Aliandika P, akaandika E, akaandika T, kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwa mitumbwi ya watu wenye kulipa. Kwenye R mkono wake ulisimama. Angeweza kuandika R ya kawaida, ya vitabuni, na siri ingebaki siri. Sijui alifikiri nini. Najua tu kwamba aliiandika yake, na mguu wake wote.

Mama Petro alikuwa amekuja na ule msalaba wa nyumbani, ameukumbatia. Hakujua kusoma, lakini macho yake yalikuwa yameutazama msalaba ule kila siku miaka yote ile. Aliusimamisha kando ya simenti. Akatazama jina la lami, akatazama jina la rangi, akarudi kwenye lami. Kidole chake kilifuata ule mguu mrefu mpaka mwisho. Halafu akamgeukia baba, ambaye bado alikuwa amepiga magoti.

"Kumbe ni hii mikono," akasema.

Akaichukua mikono ya baba, yote miwili, ikiwa na rangi mbichi, akaikandamiza usoni pake na kulia ndani yake. Baba aliinamisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimwachia mikono kwa muda wote aliouhitaji, na alipoinua uso, yule mama alikuwa na bluu mashavuni na kitu ambacho mimi, na utoto wangu wote, nilikitambua kuwa ni mapumziko.

Hapo ndipo nilipomwona baba yangu. Nilikuwa nimeshika kopo kwa nguvu, na sikufikiria tangi jekundu hata kidogo. Mtu huyu alikuwa na kitu kimoja tu cha kuwanyamazisha wanaomcheka, kilikuwa chini ya magoti yake, na alikuwa amekiandikia jina upya ili kisiwe chake tena. Wapo watakaosema alimdanganya mwanamke mzee. Waseme. Mimi nilikuwapo.

Nyumbani alimsimulia mama yangu mwanzo hadi mwisho. Mama, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kusema kama anaamini habari za pikipiki au haamini, alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka machozi. Kisha akaamka, akatoa yule mukeke mkubwa, samaki aliyekuwa amemweka kwa ajili ya wageni, akampikia mume wake.

Tangu siku ile watoto wa Dieudonné hawakunipata tena. Walipouliza kama pikipiki imeota nilijibu kwamba inaendelea vizuri, nikaenda zangu. Kila mwaka, mvua kubwa zikipita, baba na mimi tulikwenda bondeni na makopo yetu, na Mama Petro alitungoja na mihogo ya kuchemsha. Petro wake hakurudi. Mama mzee mwenyewe alipofariki walimlaza kando ya mtoto wake, na baba ndiye aliyeandika jina lake. Sasa baba naye ameondoka, na brashi ninashika mimi. Wajukuu wa yule mama, watoto wa binti yake aliyeolewa kijiji cha jirani, hunisaidia kung'oa majani. Huwa wanamsalimia Mjomba Petro kwa adabu kabla ya kuanza kazi, nami namsalimia.

Basi, yule kijana wa Bujumbura. Alitoa simu yake, akanionyesha picha aliyoipata kwa jamaa za Mgiriki, huko waliko, ambayo Petro alitumiwa zamani kwa posta. Niliishika simu kwa mikono miwili. Palikuwa na barabara ya udongo na umati wa watu, na juu ya mabega yao kijana mwembamba, matope mpaka kwenye meno, kofia ya chuma imeinuliwa juu. Mbele yao pikipiki namba ishirini na saba, na kwenye tangi jina jeupe lenye R inayopiga mpira. Nililia pale pale, juu ya gunia la mchele, wateja wakinitazama. Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikijiambia kwamba sihitaji kuona. Kumbe nilikuwa na njaa ya kuona.

"Mama, sasa iko wapi?" kijana akauliza.

Nikamwambia ukweli, kama baba yangu. "Ilizikwa. Iko na kaburi yake, na mama yake alishailia."

Akacheka kwa furaha, akasema wamama wa Uvira tuna michezo. Nikamwacha acheke. Nilimwomba anitumie ile picha, naye akanitumia, akaenda kuuliza kwingine.

Jioni nilifunga duka mapema. Dieudonné bado yuko hapa Kimanga. Amezeeka, magoti hayafai tena kwa pikipiki, anakaa mlangoni kwake akihukumu wapita njia. Nilimpa simu bila salamu ndefu. Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaniomba niikuze, nikaikuza mpaka ule uso wenye matope ukajaa kioo chote.

"Ni yeye," akasema. Akavua kofia yake na kuiweka gotini. "Bingwa."

Aliendelea kuitazama. Halafu akaniuliza swali lake lile lile, safari hii kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka kujua kweli, "Na pikipiki yenyewe, iko wapi?"

"Iko kwa mama yake," nikamjibu.

Dieudonné hakucheka.